Tathmini: Kipi Kinafaa Kusomwa na Mwenye Sukari au Presha Mbeya na Iringa

Mtu akiambiwa leo kliniki kwamba ana kisukari, kufika jioni simu yake imejaa. Binamu wa Tukuyu katuma orodha ya vyakula, jirani wa Uyole katuma sauti ya mtu anayejiita daktari, na ndugu aliyeko Dar katuma kiungo cha Kiingereza kirefu kama mkeka. Cha kusoma kipo tele. Kinachosumbua ni kujua kipi kinastahili bando na macho yako, kwa sababu maandishi mabaya kwa ugonjwa wa namna hii humfanya mtu aache dawa, na presha haipigi hodi inaporudi.

Tumevipima vile ambavyo mgonjwa wa Mbeya, Iringa au Njombe anaweza kuvipata kweli: karatasi ya ndani ya boksi la dawa, tovuti tatu za bure, jedwali la vyakula vya Tanzania, mihtasari ya tafiti, na jumbe za kusambazwa pamoja na vijitabu vya stendi. Tuliangalia mambo matatu. Je, namba imeandikwa pamoja na kizio chake? Je, kuna tarehe? Je, maandishi yanasema ni lini uache kusoma uende hospitali? Kinachotoa ushauri wa tiba kikakosa hilo la tatu hatukipendekezi, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Kabla ya kusoma chochote cha sukari kirefu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayozungumzia sukari kushuka. Ni sehemu fupi, na ubora wa maandishi yote huonekana hapo. Maandishi yanayofaa yatakupa namba: chini ya 3.9 au 4 mmol/L, kizio cha kupimia sukari ya damu. Yatakupa kiasi: gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyoyeyushwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Yatakupa muda: subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula chakula kama mlo ujao uko mbali. Na yatakuambia kwamba aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni kwa sababu kitamkaba, anakimbizwa hospitali. Maandishi yanayosema tu "mpe kitu kitamu" yamemwacha msomaji njiani. Yanayopendekeza chokoleti au chapati yamekosea kabisa, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu wakati ambapo dakika ndizo zinazohesabiwa.

Nafasi ya kwanza tunaipa karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Wengi huitupa, au hawaioni kabisa, lakini ndiyo maandishi pekee yanayozungumzia kidonge kilekile unachomeza, kwa nguvu ileile, yakiwa yamepitia kwenye mikono ya mamlaka ya dawa kabla ya dawa kuuzwa. Udhaifu wake tunaujua: herufi ndogo, mara nyingi Kiingereza kitupu, na imekunjwa hadi inachanika ukiifungua. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ukinunua vidonge kumi vilivyokatwa kutoka boksi la mia, unafungiwa kwenye kifuko na karatasi inabaki dukani. Dawa yake ni kuomba. Sema tu, "Samahani dada, naomba nipige picha maelezo ya dawa hii pamoja na boksi lake." Muuzaji mzuri wa Mwanjelwa au Mafinga hatakunyima. Itandaze kaunta penye mwanga, piga pande zote mbili, kila upande vipande viwili, halafu piga upande wa boksi wenye jina halisi la dawa, miligramu na tarehe ya kuisha muda. Ukiwa nyumbani utaivuta kwa vidole na kuisoma kubwa kama bango.

Usianze juu kushuka chini. Anza na sehemu ya wasiotakiwa kutumia dawa hiyo, kisha namna ya kuimeza, kisha dawa na vyakula vinavyogombana nayo. Madhara yasome mwisho. Anayeanza na madhara hukutana na orodha ndefu ya kutisha na kuweka karatasi chini. Orodha hiyo ina hesabu yake. Kwa karatasi zinazofuata utaratibu wa Ulaya, "ya kawaida sana" maana yake ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10. "Ya kawaida" ni hadi 1 kati ya 10. "Yasiyo ya kawaida" ni hadi 1 kati ya 100. "Nadra" ni hadi 1 kati ya 1,000. "Nadra sana" ni chini ya 1 kati ya 10,000. Ukiandika namba hizo pembeni ya picha, orodha inaacha kutisha na kuanza kufundisha.

Mifano ya yaliyomo. Amlodipine, dawa ya presha, inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na karatasi nyingi zinakataza balungi kwa anayeitumia. Enalapril na captopril, nazo za presha, zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Hilo ni la kurudi kliniki ubadilishiwe dawa, lisiwe sababu ya kuacha kimyakimya. Lakini uso, midomo au ulimi ukivimba ukiwa kwenye hizo mbili, hiyo ni dharura ya muda huohuo. Metformin, dawa ya sukari, humezwa pamoja na chakula ili tumbo lisivurugike, na anayeitumia kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12, hivyo ganzi ya miguu isihesabiwe moja kwa moja kuwa ni sukari, omba kupimwa. Glibenclamide, nayo ya sukari, inaweza kuishusha kupita kiasi, hasa ukiruka mlo. Karatasi ikiandika pombe, usidhani inasema bia peke yake. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, Iringa, mtu anakunywa tangu mchana bila kula, amemeza glibenclamide asubuhi, usiku anaanza kutetemeka na kuongea yasiyoeleweka, na watu wanasema amelewa, kumbe sukari imeshuka. Hakuna karatasi itakayoandika neno ulanzi. Hilo msomaji aliweke mwenyewe.

Kwenye tovuti, ya kwanza kwetu ni ile ya NHS, huduma ya afya ya Uingereza. Kurasa zake ni fupi, hazina matangazo, na chini kabisa zinaandika lini zilikaguliwa mara ya mwisho na lini zitakaguliwa tena. Zaidi ya hapo, sukari wanaiandika kwa mmol/L, kizio ambacho mashine nyingi za hapa zinakionyesha. Kasoro zake: hakuna Kiswahili, mifano ya chakula ni mikate na nafaka za asubuhi, na namba ya dharura ni 999 ya kwao. Angalia pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, HbA1c. Uingereza wanakiandika kwa namba kama 48 au 53, wakati majibu ya maabara za kwetu mara nyingi huja kwa asilimia. 48 ya kwao ni asilimia 6.5, mpaka wa kusema mtu ana kisukari. 53 ni asilimia 7. Usipolijua hilo unaweza kuona 7 yako ukaiweka karibu na 48 yao ukafurahi bure.

MedlinePlus ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iko mtandaoni tangu 1998, na ina kitu ambacho NHS haina: ukurasa wa maandishi ya Kiswahili. Fungua sehemu ya lugha nyingine, chagua Kiswahili, utapata mafaili ya PDF ya mada mbalimbali, mengine yakiwa na Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Kwa mtu anayemsomea mama yake Mbozi, hiyo ni faida kubwa. Pakua ukiwa na mtandao mzuri mjini, uhifadhi kwenye simu, maana ukishafika kijijini faili la picha nyingi litakuzungukia tu.

Hatari ya MedlinePlus, na ya kila ukurasa wa Kimarekani, ni kizio. Wao wanapima kwa mg/dL, yaani miligramu kwa desilita. Kupata mmol/L, gawanya kwa 18. Kwa hiyo 70 yao ni 3.9 yako, 126 ni 7.0, na 200 ni 11.1. Tunakaa hapa kidogo kwa sababu kosa hili linaumiza watu. Mtu anasoma kwamba kabla ya kula sukari isizidi 130. Mashine yake inaonyesha 13. Anajiambia yuko chini sana, tena anaongeza chai yenye sukari, kumbe 13 yake ni 234 ya Wamarekani. Ukiona ukurasa wa sukari wenye namba za mamia, simama, gawanya, ndipo uendelee. Na ukiona 911, ujue haipigiki hapa. Andika kwenye kadi ya kliniki namba ya kituo chako na ya jirani mwenye gari.

Tovuti ya Shirika la Afya Duniani ni nzuri kwa maelezo mafupi ya ugonjwa wenyewe, yenye tarehe, lakini lugha zake kuu ni sita na Kiswahili hakimo. Ichukue kwa mambo ya jumla, kama chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe chumvi yote: ya mboga, ya dagaa, ya kachumbari, ya mkate. Kwa swali la dawa yako hasa, haitakufikisha mbali.

Swali linaloletwa sana na wanaosoma tovuti zaidi ya moja ni kwa nini presha ina mipaka miwili. Mmoja anaona 130/80, mwingine 140/90, na wote wameandikiwa "presha ya juu". Hakuna aliyedanganya. Vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani viliushusha mpaka hadi 130/80 mwaka 2017. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2021, limebaki na 140/90 kama mahali pa kuanzia dawa kwa wengi, na kushuka chini ya hapo kwa wenye ugonjwa wa moyo au walio kwenye hatari kubwa. Uingereza nayo inatumia 140/90 ukipimwa kliniki na 135/85 ukijipima nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kushtuka au kutulia, tazama ukurasa ni wa nchi gani, wa mwaka gani, na kipimo kilichukuliwa wapi. Namba yako ya kulenga ni ile daktari aliyokuandikia kwenye kadi.

Kuna jambo moja ambalo karibu maandishi yote tuliyoyapima yanalikosa kwa watu wa huku: baridi. Kurasa za insulini zimejaa onyo la joto. Huku Makete, Njombe na pande za Kitulo, mwezi wa sita na wa saba jalidi inaanguka, na chupa iliyoachwa dirishani usiku inaweza kuganda. Insulini iliyoganda hutupwa hata ikishayeyuka na kuonekana safi, maana haifanyi kazi tena inavyotakiwa. Ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Inayotumika, aina nyingi hukaa siku 28 kwenye joto la kawaida la chumba, ila soma karatasi ya aina yako. Mashine ya sukari nayo mara nyingi imetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 10 hivi. Alfajiri ya baridi itaandika kosa badala ya namba, na mtu atapoteza stripu, vile vijiti vya kupimia, mbili tatu akidhani mashine imeharibika. Iweke ndani ya chumba chenye joto, pamoja na kopo la stripu, kwa dakika 20 hivi kabla ya kupima. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa. Maandishi yoyote ya Kiswahili yatakayoongeza aya hii tutayapandisha daraja.

Kwa chakula, acha orodha za kusambazwa utafute jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania lililotolewa 2008 na chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Limeandikwa kwa Kiingereza, lakini vyakula vyake ni vya kwetu, na virutubishi vya kila kimoja vimeandikwa kwa gramu 100. Kulisoma kunataka uangalifu mmoja: tazama kama chakula ni kibichi au kimepikwa. Unga wa mahindi mkavu, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga. Ugali wa huohuo unga una maji mengi, na maji hayo hutofautiana kutoka sufuria ya mama huyu hadi ya yule. Kwa hiyo pima unga kabla haujaingia kwenye maji, gawanya kwa idadi ya sahani, utapata hesabu iliyo karibu na kweli kuliko kukadiria bonge kwa macho. Viazi mviringo vilivyochemshwa vina kama gramu 20 za wanga kwa gramu 100, ndizi za kupika kama 30. Parachichi lina chini ya gramu 10, na nyingi kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Mwenye sukari wa Rungwe au Njombe hana sababu ya kuliogopa.

Ila hapo kuna mtego. Maandishi ya presha yanasifia madini ya potasiamu, na ndizi na parachichi yamejaa potasiamu. Mtu ambaye figo zake zimeshachoka, au anayemeza dawa za presha kama losartan, enalapril au spironolactone, anaweza kupandisha potasiamu kwenye damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha nazo nyingi zina potasiamu. Ukurasa unaosema "kula ndizi kwa wingi ushushe presha" bila kuuliza figo zako zikoje ni ukurasa wa kufunga.

Mihtasari ya tafiti inapatikana bure PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za tiba. Wengi wanaiogopa kwa Kiingereza chake, lakini si lazima uielewe yote; tafuta majibu ya maswali machache tu. Waliopimwa ni watu au panya? Walikuwa wangapi, na wa namna gani? Kwa muda gani? Kilichopungua ni namba ya maabara au ni kiharusi na vifo? Na ukiona "imepunguza hatari kwa asilimia 50", uliza kutoka ngapi. Kushuka kutoka watu 2 kati ya 1,000 hadi 1 ni asilimia 50, na kutoka 200 hadi 100 ni asilimia 50 vilevile.

Chukua ujumbe unaozunguka sana: "Wazungu wamethibitisha kisukari kinapona kwa chakula." Nyuma yake kuna utafiti wa kweli, DiRECT, wa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet Desemba 2017. Waliandikishwa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Kundi moja lilikula vyakula maalumu vya kunywa, kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha likarudishwa kwenye chakula cha kawaida taratibu. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa chini ya mpaka wa kisukari bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya kundi lingine. Ni habari njema kwelikweli. Lakini ujumbe umekata yale yanayomlinda msomaji: wote walikuwa wamegunduliwa ndani ya miaka sita, walikuwa na uzito uliozidi, hakuna aliyekuwa kwenye insulini, na dawa zilisimamishwa chini ya uangalizi wa watoa huduma wao. Kufikia mwaka wa pili, asilimia 46 ilishuka kuwa 36. Na wenyewe hawakusema "kupona"; walisema sukari imetulia, na inaweza kurudi uzito ukirudi. Mzee wa Ilembula aliye mwembamba, mwenye miaka kumi na tano kwenye insulini, akifuata ujumbe ule na kuacha sindano, anaweza kufa. Utafiti ni uleule. Kilichobadilika ni nani anausoma.

Jumbe za kusambazwa zenyewe hatuna mengi ya kusema juu yake. Hazina tarehe, hazina jina la kuwajibika, na sauti ni mbaya zaidi kuliko maandishi kwa sababu huwezi kurudi kutazama namba. Ukitaka kuupima ujumbe, chukua sentensi moja yenye namba uitafute NHS au MedlinePlus. Isipokuwepo sehemu zote mbili, usiusambaze. Unaomalizia na namba ya simu ya kuagizia chupa ni tangazo.

Vijitabu vya stendi vya kutibu magonjwa yote kwa mimea havistahili hela yako. Tulivyovipitia havina kipimo cha kueleweka: "kikombe", "konzi", "mpaka upone". Hakuna kinachoonya kwamba mmea unaoshusha sukari, ukichanganywa na glibenclamide, unaweza kuishusha kupita kiasi. Ukiuziwa chupa isiyo na usajili yenye ahadi ya kuponya sukari kwa siku saba, piga picha lebo uipeleke ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo iko Mbeya.

Chochote utakachochagua, kiingie kliniki pamoja nawe. Andika kwenye karatasi moja maswali yasiyozidi matatu, kila moja na picha ya mahali uliposoma, na liweke juu lile linalogusa dawa unayomeza sasa. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Akiona ukurasa wenyewe, tarehe na kizio chake, atakujibu swali lako badala ya kuanza kukisia ulisoma nini.